Dafutari la Waliotajwa

Desturi ya kuhesabu ni mara ngapi maandishi ya mwanachuoni yametajwa na wenziwe, ambayo leo aghalabu huamua nani apandishwe cheo na nani aachwe, haikuzaliwa maabarani wala chuoni, bali miongoni mwa mawakili wa Illinois, ambako Frank Shepard alianza mwaka 1873 kuuza vikaratasi vya gundi vya kubandikwa pambizoni mwa vitabu vya sheria, vikimwonyesha wakili kuwa hukumu fulani imetajwa katika kesi zipi za baadaye, asije akasimama mbele ya hakimu na hoja iliyokwisha batilishwa. Eugene Garfield alizipata habari hizo mwaka 1953 kwa barua ya mzee mmoja aliyepata kuwa mkubwa katika kampuni ya Shepard, akatambua kwamba sayansi nayo yaweza kuandikiwa dafutari la namna hiyo. Akaitangaza rai yake katika jarida la Science mwaka 1955, na mwaka 1964 faharasa yake ikatolewa rasmi huko Philadelphia. Madhumuni ya asili yalikuwa kumsaidia msomaji katika kutafuta, wala si kumpima mwandishi, lakini idadi zilipokwisha kuwapo, wakubwa wa vyuo hawakukawia kuzifanya mizani.

Wanazuoni wa pwani yetu, waliozoea isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa hadithi, wataona ugeni hapa: katika isnadi huulizwa aliyepokea ni mtu gani, mkweli au mzushi, ilhali katika dafutari la Garfield huulizwa ni wangapi tu, na anayemtaja mwenziwe ili amkanushe huhesabiwa sawasawa na anayemtaja kwa shukrani.

Fani ya mitandao ya kompyuta ilizidhihirisha kasoro za mizani hiyo, kwa kuwa wengi wa mabwana wake wa kwanza hawakuandikia majarida. Tarehe 7 Aprili 1969 Steve Crocker, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, alitoa waraka wa kwanza wa mfululizo wa RFC, yaani maombi ya maoni, jina la unyenyekevu lililochaguliwa ili wakubwa wasidhani kuwa vijana wanajitwalia mamlaka. Na nyaraka hizo, alizozihariri Jon Postel hadi alipofariki Oktoba 1998, ndizo zilizokuwa sheria ya Intaneti. Waraka wa 793, wa Septemba 1981, ulioweka kanuni za TCP, yaani utaratibu wa kompyuta kupelekeana data, jaladani hauna jina la mtu, ila la taasisi ya Postel, Information Sciences Institute, ambayo herufi zake ISI, kwa mzaha wa taarikh, ni zilezile za kampuni ya Garfield iliyotoa faharasa yake. Hata tanzia ya Postel, aliyoiandika mwenziwe Vint Cerf, ilitoka kama waraka wa 2468.

Kisa cha Van Jacobson, mtafiti wa mitandao, nacho chastahili kusimuliwa kwa utuvu. Oktoba 1986 mwendo wa data baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California cha Berkeley, mahali palipotengana kwa yadi 400 tu, ulianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Kila kompyuta iliyokawia kupata jibu ilidhani pakiti yake, yaani kifurushi cha data, imepotea, ikaituma tena, na kwa kuituma tena ikazidi kuisonga njia iliyokwisha jaa, hata shehena kubwa iliyopita humo ikawa ni marudio matupu. Jacobson, pamoja na Michael Karels, alitunga taratibu za kuifanya kila kompyuta ianze kidogokidogo, iongeze kadiri majibu yanavyorejea, na pakiti ikipotea iyachukulie hayo kuwa dalili ya msongamano, ipunguze mara moja. Taratibu hizo zilienea ndani ya mfumo wa kompyuta wa Unix wa Berkeley, na makala iliyozieleza ikasomwa katika mkutano wa SIGCOMM, jumuiya ya wataalamu wa mitandao, huko Stanford, Agosti 1988. Makala ya mkutano, na faharasa ya Garfield ilijengwa juu ya majarida! Imekwisha tajwa maelfu ya mara tangu hapo. Lakini mashine zilizoitii usiku na mchana hazikuandika marejeo popote.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa NEC huko Princeton waliunda CiteSeer, programu iliyookota makala popote zilipowekwa mtandaoni na kuyahesabu marejeo yake pasipo karani. Google Scholar ikafuata Novemba 2004, na mwaka uliofuata Jorge Hirsch, mwanafizikia wa San Diego, akaleta kipimo cha h, ambacho kwacho mwenye h ya 20 ni mwenye makala 20 zilizotajwa kila moja walau mara 20. Kwa hesabu hiyo aliyeandika makala moja, ikatajwa mara elfu kumi, hupata 1, na aliyeandika kumi, zikatajwa mara kumi kumi, hupata 10: dhuluma, kwa rai yangu, iliyovishwa kanzu ya hisabati.

Wenyewe wa fani walikuwa na njia yao nyingine, nayo ni tuzo ya SIGCOMM, itolewayo na kamati ya watu wanaoijua kazi. Jacobson aliipokea mwaka 2001, na Sally Floyd, aliyeandika naye mwaka 1993 juu ya kuzifanya ruta, yaani mashine zinazoelekeza pakiti njiani, zidondoshe pakiti chache mapema kabla foleni haijafurika, mwaka 2007. Wa kwanza kabisa, mwaka 1989, alikuwa Paul Baran, ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ya 1964 juu ya mitandao isiyo na kitovu ilitoka katika mfululizo wa taarifa za shirika la RAND.