Video Mzingo: Hoja ya Kulitetea Jina

Orodha ya istilahi za teknolojia iliyonifikia hivi karibuni inaziita zile video za utalii, ambazo mtazamaji huweza kugeuza jicho kila upande, "video za mandhari mapana ya kuingiliana". Nalikataa jina hili, na nalikataa neno kwa neno. Lau walioliunda wangeketi alasiri moja na wazee wa Msambweni, hapa Kwale kwenye pwani ya Kenya, wangeambiwa kwamba "kuingiliana" likiachwa peke yake hivyo huelekea mambo ya faragha ya mke na mume. Hoteli gani ya Diani italiandika kwenye tangazo lake? Mwalimu gani atamwambia mtoto alitamke darasani?

Hata tukiiweka haya kando, neno lenyewe linasema uongo. Mwaka 2013 kampuni ya Nintendo ilitoa video za aina hii kwa mashine yake ya gemu ya nyumbani, Wii U. Ukikiinua kidhibiti chenye skrini, unaona anga. Ukigeuka nacho, unaona ulikotoka. Mara uko juu ya basi la ghorofa London, mara unavutwa kwa riksho mjini Kyoto. Lakini basi halisimami kwa amri yako, wala mvuta riksho hakujibu ukimsemesha. Unachoweza ni kugeuka tu.

Na "mandhari"? Ni neno zuri, la Kiarabu, kutoka mzizi wa kutazama uliotupa pia "nadharia". Ila mandhari hukaa mbele ya mtu. Simama Shimba Hills uitazame bahari kwa mbali: hiyo ni mandhari. Kamera ya video hizi haina mbele. Iweke ufukweni Diani, nayo itachukua kwa pamoja mwamba unaovunja mawimbi, mivinje iliyo nyuma, mbega akiwa mtini, mchanga wa chini na jua la utosini. Kuongeza "mapana" hakusaidii, kwa sababu kitu kipana bado kina kingo mbili.

Turudi kwenye asili, mahali ambapo kamati za istilahi hazipendi kurudi. Neno "panorama" liliundwa kwa Kigiriki, *pan*, yaani yote, na *horama*, yaani kinachoonwa, ili kuitaja kazi ya mchoraji Robert Barker, aliyepata hataza yake mwaka 1787. Mwaka 1793 alifungua jengo la duara Leicester Square, London. Watu walipanda hadi jukwaa la katikati, na mchoro ukawazunguka pande zote. Kiini cha uvumbuzi ule hakikuwa ukubwa wa picha. Kilikuwa mahali pa mtazamaji: yuko ndani, amezingirwa.

Amezingirwa! Neno lilikuwa mdomoni mwetu siku zote. Kuzinga ni kuzunguka, kugeuka. Humo mna zingira. Mna mazingira, yaani vyote vinavyomzunguka kiumbe. Mna mzingile, njia zinazojipinda hadi mtu apotee. Waganda wanalo *okuzinga*, wakimaanisha kukunja na kuviringisha. Na mna mzingo, ambao kila mwanafunzi wa hesabu anaujua kuwa ni mstari unaolizunguka umbo. Kwa hiyo nasema: video mzingo. Jina moja limebeba mambo mawili, kile kinachokuzunguka na wewe unayegeuka kukitazama, na lile "kuingiliana" linakosa kazi kabisa.

Mwenzangu mmoja anashikilia "video tufe", eti kwa kuwa picha hufunika hadi juu na chini. Tufe hutazamwa kutoka nje; mtu hushika tufe mkononi. Hajalijibu hilo hadi leo. Vijana wa vibanda vya gemu Ukunda husema "thri-siksti", nami siwalaumu, maana hawakupewa neno. Lakini nambari hiyo hupima duara la mlalo tu, wala haisemi nani yuko katikati.

Tofauti hii kati ya mandhari na mzingo ina uzito hapa Kwale kuliko inavyodhaniwa. Kaya Kinondo, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia msituni, na tangu 2008 msitu huo, pamoja na kaya nyingine takatifu za Wamijikenda, umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Wazee wakikataza upande fulani usipigwe picha, mpiga video wa kawaida hugeuza kamera. Wa video mzingo hana pa kuigeuzia. Kila upande umeshachukuliwa. Ni lazima wazee waelezwe hivyo kabla hawajatoa ruhusa, na mwenye kuambiwa "mandhari mapana" hataelewa anaombwa nini. Akiambiwa kamera inauchukua mzingo wote, atauliza maswali yanayostahili.

Kuhusu matumizi: video mzingo ya Wasini, video mzingo mbili, kamera ya mzingo, zinga kushoto, zinga juu.