Wanafunzi wa Sheria wa Fizi na Baraka, Jana na Leo

Kabla karatasi ya serikali haijapanda milima ya Fizi, mashariki ya Kongo, sheria ilikuwa na nyumba yake katika nchi ya Wabembe, nayo ni lubunga, banda la wanaume ambamo wazee waliketi kukata mashauri ya mahari, ya mipaka ya mashamba na ya damu iliyomwagika. Kijana aliyekusudiwa kuwa msemaji wa ukoo hakupewa kitabu, bali aliketi nyuma ya wazee miaka nenda miaka rudi, akisikiliza jinsi daawa inavyofunguliwa, hoja inavyojibiwa kwa hoja, na methali inavyotolewa mahali pake ikawa na nguvu ya ushahidi, hata siku moja mzee akamgeukia mbele ya hadhira na kumtaka naye aseme neno lake. Huo ndio uliokuwa mtihani wake, na hapana shaka moyo ulimwenda mbio.

Katika karne ya 19, Waungwana walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika kutoka Ujiji kutafuta pembe za ndovu na, kwa huzuni yatupasa kusema, kutafuta watumwa pia, dini ya Kiislamu na mila za pwani zilivuka pamoja nao mpaka ng'ambo hii. Huko pwani walikotoka, Unguja na Lamu, mwanafunzi wa fiqhi alihifadhi kwanza matini, kisha akaketi mbele ya shehe wake kusikia sharhe, akasoma kwa sauti, akasahihishwa, akaulizwa, na Minhaj ya Imamu Nawawi haikuhesabiwa kuwa imesomwa mpaka msomaji ameweza kuieleza. Lubunga na darsa zilitofautiana kwa imani na kwa lugha, walakini katika zote mbili elimu ya hukumu ilipita kwanza katika ulimi, tena mbele ya watu.

Utawala wa Kibelgiji ulileta kalamu. Dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 iliziweka mahakama za wenyeji chini ya mpango wa serikali, machifu wakaendelea kuhukumu kwa desturi, karani akaandika, na mtawala wa wilaya akakagua. Lakini sheria iliyoandikwa kwa Kifaransa, kama ile ya mikataba ya tarehe 30 Julai 1888, ilibaki mikononi mwa Wazungu, hata uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960 na mahakimu Wabelgiji walipoanza kuondoka, nchi nzima ikajikuta haina warithi wa viti vyao, na mwaka 1961 ikabidi chuo cha taifa cha sheria na utawala kianzishwe Léopoldville, Kinshasa ya leo, kwa haraka. Vita vya uasi vya 1964 na 1965 viliipiga Fizi kuliko sehemu nyingi. Kisha mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, na kitivo cha sheria kikawekwa Kinshasa, upande wa pili wa nchi. Chuo hicho kikagawanywa tena mwaka 1981, na ilipofika 1989 Chuo Kikuu cha Kikatoliki kikaanzishwa Bukavu. Hata hivyo, kutoka Baraka mpaka Bukavu, kwa njia ya Uvira, ni zaidi ya kilomita 200 za barabara yenye mashaka.

Mwanafunzi anayesafiri njia hiyo hukutana na namna ya kusoma isiyofanana na ile ya babu zake. Hununua silabi ya mwalimu, yaani maandishi ya somo lake, hujifungia nayo peke yake wakati wa mitihani ukikaribia, huisoma mara ya pili na ya tatu kwa mwanga wa simu, na aghalabu huhifadhi Kifaransa asichoweza kukieleza kwa Kiswahili wala kwa Kibembe. Nasema bila kusita kwamba upweke huu humdhuru kuliko ugumu wa sheria yenyewe. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walitangaza majaribio yao: wanafunzi waliorudia kusoma maandishi yale yale walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, ilhali baada ya juma moja waliokuwa wamejipima kwa kukumbuka bila kutazama ndio waliowashinda. Wazee wa lubunga wasingalistaajabu.

Basi wanafunzi wanne au watano na wakutane, silabi zifungwe, mmoja aeleze kifungu kwa Kiswahili mpaka wenziwe waridhike, kisha akieleze tena kwa Kifaransa atakachojibia mbele ya mwalimu. Mashauri ya kujadili hayako mbali. Tarehe 1 Januari 2011 askari wa jeshi la taifa waliwabaka wanawake wa mji wa Fizi. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ilisafiri mpaka Baraka, ikasikiliza kesi mbele ya watu, na tarehe 21 ikamhukumu Luteni Kanali Kibibi Mutware kifungo cha miaka 20 kwa jinai dhidi ya ubinadamu. Kwa nini ubakaji huo haukuhesabiwa kuwa jinai ya kawaida tu? Kamanda hubeba dhima gani kwa matendo ya askari wake? Mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unaingiaje katika mahakama ya Kongo? Kijana anayeweza kuyajibu hayo mbele ya wenziwe, akikumbuka ujasiri wa wanawake waliosimama kutoa ushahidi, ameelewa sehemu kubwa ya somo la jinai, wala hatalisahau akiwa na hofu.

Na hofu ipo, kwa sababu karo imechangwa na ukoo mzima, mjomba ameuza mbuzi, mama ameuza dagaa, na kila simu inayotoka nyumbani inauliza matokeo. Jamaa wanaweza kuipunguza kwa kumwondolea binti kazi za nyumbani wiki zile, kwa kumwacha alale usiku, maana akili iliyokesha haitulizi yale iliyoyasoma jana, na kwa kumwambia mapema, kabla hajaingia chumba cha mtihani, kwamba session ya pili ya mitihani iko na kwamba akianguka katika somo moja atapokewa nyumbani kama kawaida.