Fremu na Sebule: Gharama za Nyumba katika Kodi ya Mapato ya Aliyejiajiri

Tuchukue waokaji wawili wa keki jijini Dar es Salaam wenye mauzo yanayolingana. Mmoja amepanga fremu Sinza. Mwingine anaokea nyumbani kwake Mbagala, katika chumba na sebule alikopanga na familia yake. Wakikokotolewa kodi kwa hesabu kamili ya faida, pango la fremu, umeme wake na maji yake vitakatwa kwenye mapato bila ubishi. Wa pili naye ananunua umeme, analipa pango na anachota maji ya kuoshea vyombo vya kazi, lakini gharama hizo zina sura ya matumizi ya nyumbani. Wengi walio katika hali yake hawazidai kabisa, na akijitokeza wa kuzidai huulizwa kwa nini serikali imsaidie kulipia taa za sebuleni.

Hoja yangu ni kwamba sheria ya Tanzania haimnyimi mwokaji wa pili haki hiyo. Kinachomnyima ni usomaji finyu wa sheria na kukosekana kwa kipimo rahisi. Yote mawili yanaweza kurekebishwa kwa kanuni moja, na kila mwaka unaopita bila kanuni hiyo mzigo wake unawaangukia zaidi wanawake wanaofanya biashara huku wakilea.

Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 kina maagizo mawili. La kwanza linakataza kukata matumizi binafsi, yaani gharama za mtu kujitunza yeye, familia yake na makazi yake. La pili linaamuru zikatwe gharama zote zilizotumika kikamilifu na kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara peke yake. Kipimo hicho cha pili ni cha Waingereza wa karne ya 19. Kilifika kwetu kupitia sheria za kodi za Afrika Mashariki za wakati wa ukoloni, kikabaki katika sheria ya mwaka 1973, kisha kikahamishiwa katika hii ya sasa. Kenya nayo inacho katika kifungu cha 15 cha sheria yake, na kifungu cha 16 kinazuia matumizi ya nyumbani kwa maneno yanayokaribiana sana na yetu.

Anayekisoma kipimo hicho kijuujuu atasema umeme wa nyumba ya Mbagala hauwezi kupita, kwa kuwa umewasha oveni na umewasha pia televisheni ya watoto. Usomaji huo unachanganya mambo mawili ambayo mahakama za Uingereza, kipimo kilikozaliwa, zilijifunza kuyatenganisha. Katika kesi ya Caillebotte dhidi ya Quinn ya mwaka 1975, seremala aliyejiajiri alidai tofauti ya bei ya chakula: nyumbani angekula kwa peni 10, lakini kwa kuwa alikuwa kazini mbali na kwake alilipa peni 40. Mahakama ilikataa, na nadhani ilikuwa sahihi. Mlo ule ulimshibisha mtu na fundi kwa wakati mmoja, na hakuna kijiko ambacho mtu angeweza kukionyesha na kusema hiki kilikuwa cha useremala. Mwaka 1983, katika kesi ya Mallalieu dhidi ya Drummond, wakili wa kike alinyimwa gharama za nguo nyeusi alizovaa mahakamani kwa sababu iyo hiyo: nguo ilimsitiri mwilini wakati ileile ilipotimiza masharti ya kazi.

Umeme ni jambo tofauti. Tendo moja lenye makusudi mawili haligawanyiki, lakini bili moja yenye matumizi mawili inagawanyika, kwa sababu saa ya oveni siyo saa ya televisheni. Sehemu iliyoteketea kwenye oveni ilitumika yote kwa biashara, na ile ya televisheni yote kwa nyumba. Uingereza imeliandika hilo waziwazi katika sheria yake ya mwaka 2005 inayohusu mapato ya biashara: gharama yenye matumizi mchanganyiko haikataliwi kwa sababu hiyo tu, na sehemu inayotambulika kuwa ya biashara hukatwa. Kifungu chetu cha 11 hakikuyachukua maneno hayo, lakini hakina pia neno linaloyakanusha. Agizo la kukata gharama zote za kuzalisha mapato linatosha kuibeba sehemu inayopimika.

Je, inapimika? Anayeshuku aketi jioni moja katika nyumba ya kupanga yenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Wapangaji hawachangii umeme sawasawa. Mwenye friji anaongeza, mwenye pasi anaongeza, anayepikia jiko la umeme anaongeza zaidi, na mwenye taa mbili na redio hukataa kulipa kama wao. Mgawanyo ambao maofisa huuona kuwa mgumu unafanywa na wapangaji kila tokeni inapokaribia kuisha, bila mhasibu, na watu wanaendelea kuishi pamoja.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Oveni ya wati 2,000 ikiwaka kwa saa 3 haizidi yuniti 6. Kwa siku 5 za wiki ni yuniti 30, na kwa mwezi zinakaribia 120. Hapa kuna jambo ambalo mara nyingi halisemwi. Kundi la bei nafuu la TANESCO ni la wateja wa majumbani ambao matumizi yao kwa wastani hayazidi yuniti 75 kwa mwezi, na bei ya yuniti nje ya kundi hilo inakaribia mara tatu. Oveni ya biashara inaitoa nyumba nzima kwenye nafuu hiyo, hata taa na feni zinaanza kulipiwa kwa bei ya juu. Gharama halisi ya kufanyia kazi nyumbani inakuwa kubwa kuliko mgao wa yuniti unavyoonyesha, na anayedai yuniti zake 120 tu anadai pungufu.

Ugumu wa kweli uko kwenye ushahidi. Ujumbe wa LUKU unaoingia kwenye simu una namba ya mita, yuniti, tokeni ya tarakimu 20, VAT, makato ya REA na EWURA, na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo. Hauna TIN ya mwokaji, na mita mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba. Pango hulipwa kwa miezi sita au mwaka mzima mkononi, na stakabadhi yake ni mstari kwenye daftari la mwenye nyumba. Katika mashauri ya kodi mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi, kwa hiyo mwokaji anashindwa kabla hoja yake ya kisheria haijasikilizwa. Nchini Kenya mlango umebana zaidi: tangu Januari 2024, kanuni ya jumla ni kwamba gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikatwi.

Wapo watakaosema mjadala huu hauwahusu wafanyabiashara wadogo, kwa sababu walio chini ya mauzo ya shilingi milioni 100 wanalipa kodi ya makadirio inayotozwa kwenye mauzo, na huko gharama haziulizwi. Mimi naona huko ndiko jeraha liliko. Tuseme mwokaji wetu ana mauzo ya shilingi milioni 10 kwa mwaka na anaweka kumbukumbu. Atalipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7, jumla 180,000. Unga, mayai, siagi, gesi na umeme vikiondoka, amebakiwa na faida ya milioni 1.5, na kodi imechukua asilimia 12 yake. Msusi anayesukia nyumbani kwa mauzo yaleyale, gharama zake zikiwa milioni 2, anabaki na milioni 8 na kulipa 180,000 zilezile, ambazo ni asilimia 2.25. Kwa hesabu kamili, mwokaji asingelipa chochote, maana mtu binafsi hatozwi kwenye milioni 3.24 za kwanza za mwaka, na msusi angelipa 592,000.

Sheria inamruhusu mwokaji kujitoa kwenye makadirio na kukokotolewa kwa faida. Lakini anayetaka kutumia ruhusa hiyo anakutana na maswali yaleyale ya sebule na mita, akiwa na ushahidi uleule hafifu. Nayo kumbukumbu anazohimizwa kuweka, ndani ya mfumo wa makadirio zinathamini mauzo tu: asiyeziweka angelipa 250,000, kwa hiyo mwaka mzima wa daftari umempunguzia 70,000, na safu ya gharama katika daftari hilo haisomwi na mtu.

Katika kutafuta kipimo rahisi, Marekani haitufai kama mfano. Sheria yao, tangu mwaka 1976, inataka sehemu ya nyumba itumike kwa biashara mara kwa mara na kwa biashara tu, ingawa imewaachia nafasi wachache, wakiwemo wanaolea watoto wa wengine mchana majumbani mwao. Sharti hilo linampa nafuu mwenye chumba cha ziada na kumnyima anayekunja godoro asubuhi ili apate pa kuweka cherehani. Likiletwa Mbagala au Manzese litawaacha nje karibu wote wanaolihitaji.

Uingereza ilichagua kupima muda. Tangu mwaka wa kodi wa 2013/14, aliyejiajiri anaweza kuacha kugawanya bili na badala yake akakata kiwango maalumu kwa mwezi: pauni 10 akifanya kazi nyumbani saa 25 hadi 50, pauni 18 kwa saa 51 hadi 100, na pauni 26 kwa saa 101 au zaidi. Simu na intaneti hudaiwa kando. Kasoro ya viwango hivyo ni kwamba ni vidogo na havijapandishwa tangu vilipowekwa. Muundo wake hata hivyo unatufaa, kwa kuwa hauulizi jina lililo kwenye mita wala idadi ya vyumba.

Kanuni ninayoipendekeza iweke kiwango kwa saa za kazi za mwezi, kiwe na ngazi ya juu kwa kazi zinazokula umeme kama uokaji, unyoaji na upigaji pasi, na kipitiwe upya kila bei ya umeme inapobadilika. Ushahidi uwe daftari la oda na saa. Na kwa walio kwenye makadirio, kiwango hicho kipunguzwe kwenye mauzo kabla ya kodi kukokotolewa, ili hata wasiojitoa wafaidike. Hofu kwamba kila mtu atadai ni ya haki, ndiyo maana kiwango kinakuwa na kikomo. Lakini ofisa wa kodi naye anapata kitu: mwenye kudai saa 100 za oveni ametamka mwenyewe kiasi cha kazi anayofanya, na mauzo yasiyolingana na saa hizo yataonekana.

Kuna jambo moja ambalo kanuni isipolisema itawadhuru walengwa wake. Mtu binafsi anayelipa pango la makazi hawajibiki kuzuia kodi, lakini analolipa katika kuendesha biashara linamwajibisha kuzuia asilimia 10 na kuiwasilisha TRA. Mwokaji akidai theluthi ya pango lake kama gharama ya biashara, anaweza kuambiwa kwamba theluthi hiyo alipaswa kuizuia, na mwenye nyumba akilisikia hilo atatafuta mpangaji mwingine. Kwa hiyo kifungu cha kwanza cha kanuni kitamke kwamba kiwango maalumu si pango kwa madhumuni ya kodi ya zuio, na kwamba kukidai hakuibadilishi nyumba ya kuishi kuwa jengo la biashara kwa kodi yoyote nyingine.