Siku ya Tatu: Jembe na Nyua za Mazimbu

Katika Kiswahili neno ua lina makazi mawili. Ua wa nyumba ni wigo, pamoja na ule uwanja uliozungukwa na wigo. Ua la mti ni lile linalochanua. Kinachoyatenganisha ni wa na la tu. Mkazi wa pwani aliyepanda asumini na mrehani nyuma ya nyumba yake hahitaji kufundishwa kwamba maana hizi mbili ni majirani, kwani asiyeutunza ua hapati maua. Lakini kuna mahali, mbali na bahari, ambapo kazi ya kutengeneza ua kwa mikono ya wenyeji wa nyumba ilibeba uzito mkubwa kuliko ule wa pambo. Mahali hapo ni Mazimbu, kilomita chache kutoka mji wa Morogoro, mbele ya milima ya Uluguru.

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mazimbu methali hii ilitimia kwa namna ya pekee, kwa kuwa wageni walilishika jembe bila kungoja kupewa. Ili kuipima thamani ya tendo lao, hapana budi kwanza kuinua macho mlimani, maana katika nchi ile jembe lilikuwa na historia chungu.

Mlimani Uluguru, nyumba husimama juu ya kiwanja kilichochongwa ubavuni mwa mlima. Udongo hukatwa upande wa nyuma na kujazwa upande wa mbele, na hapo ndipo familia hupata pa kuanika nafaka na pa watoto kucheza. Ardhi ni ya ukoo, na urithi wake hufuata upande wa mama. Wakulima wa huko walikuwa na njia yao ya kuzuia udongo usiporomoke: waliyakusanya magugu katika mistari iliyokingama mteremko, wakayafunika kwa udongo, nayo yakaoza na kuwa mbolea ya msimu uliofuata. Wataalamu walioiona mistari hiyo waliifananisha na ngazi.

Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Hofu yake haikuwa ya bure: udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji, na mito ya milima hiyo ndiyo inayoulisha Ruvu, mto ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa matuta mapana, mfano wa vidato vikubwa, na watu waliamriwa kuyachimba. Aliyekaidi alitozwa faini. Katika sehemu nyingi za mlima udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Kuchimba vidato kuliufukia udongo huo na kuuleta juani ule wa chini, usiootesha kitu. Mkulima alitumia nguvu zake kuliharibu shamba lake mwenyewe, kwa amri.

Mwezi Julai 1955 hasira ilifurika Matombo, upande wa mashariki wa milima. Watu walikusanyika kupinga matuta, polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja aliuawa. Mwaka huohuo amri ya matuta ilikoma. Chama cha TANU, kilichokuwa ndiyo kwanza kimetimiza mwaka mmoja, kilipata masikio yaliyo tayari katika milima hiyo.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kwa historia kusema kwamba kidato chenyewe ndicho kilichokuwa na makosa. Upande wa magharibi, huko Mgeta, wakulima wa mboga waliyakubali matuta na kuyaendeleza, kwa sababu walikuwa na maji ya kumwagilia, samadi ya kurutubisha, na soko la mboga zao. Kidato ni kilekile. Kilichotofautiana ni faida yake, na hiari ya mkono ulioshika jembe. Wala mlima haukuacha kutisha: tarehe 23 Februari 1970 mvua ya zaidi ya milimita 100 ilinyesha Mgeta kwa muda usiotimia saa tatu, na maporomoko zaidi ya 1,000 yakatokea, karibu yote katika mashamba na nyasi, machache mno penye msitu. Hofu ilikuwa ya kweli. Kilichokuwa batili ni amri.

Miaka 22 baada ya Matombo, jembe lingine lilishikwa bondeni. Mazimbu lilikuwa shamba la mkonge. Mmea huo uliingia Tanganyika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche kutoka Florida, Marekani, ikanusurika 62 tu. Kutokana na hiyo mashamba yakaenea nchi nzima. Ilipofika miaka ya 1960, nyuzi za viwandani ziliibomoa bei ya mkonge, na mashamba mengi yakaachwa yageuke pori. Mazimbu lilikuwa mojawapo.

Tarehe 16 Juni 1976 vijana wa Soweto waliandamana kuipinga elimu ya kibaguzi, wakapigwa risasi, na maelfu wakaikimbia Afrika Kusini. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC ardhi ya Mazimbu ili kiwasomeshe vijana hao. Chama hicho hakikuwa kigeni Morogoro, kwani mwaka 1969 kilikuwa kimefanya hapo mkutano wake mashuhuri. Waliotangulia walikuta nyumba chache chakavu, vichaka, na mkonge usio na mwenyewe. Kazi yao ya kwanza ilikuwa ya matengenezo: kufyeka, kuezua na kuezeka, kuzifanya nyumba za watu waliokwisha kuondoka zikalike tena. Baadaye, chini ya mhandisi Oswald Dennis na msanifu majengo Spencer Hodgson, pakainuka mji mdogo wenye shule, nyumba za kuishi, hospitali, karakana, na shamba la mahindi, mboga na mifugo. Wanafunzi waliacha vitabu kwa zamu wakashika majembe, bega kwa bega na wafanyakazi Watanzania waliojenga pamoja nao.

Hapa ndipo penye swali la ndani ya historia hii. Kwa nini mtu apande mti katika nchi anayoomba kila usiku aondoke? Mchicha unaeleweka, maana huliwa kabla ya mwezi wa pili. Lakini mti wa kivuli? Mkimbizi huhesabu siku, mti huhesabu miaka. Kuupanda ni kukiri kwamba huenda safari ya kurudi ikachelewa, au kwamba kivuli kitamfaa mwingine.

Shule ile ilipewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na umri wa miaka 22. Inasimuliwa kwamba katika maneno yake ya mwisho aliifananisha damu yake na maji ya kuurutubisha mti utakaozaa matunda ya uhuru. Kwa wanafunzi waliosoma chini ya jina hilo, kumwagilia mche hakukuwa kazi ya adhabu.

Mwaka 1990 Nelson Mandela alitoka gerezani, na mwaka 1992 shule ilifungwa. Majengo na viwanja vyake vilikabidhiwa kwa Tanzania, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kikavirithi. Hadi leo mahali hapo panaitwa Kampasi ya Solomon Mahlangu. Waliorudi kwao walifunga masanduku, lakini mti haufungwi sandukuni. Wapo pia wasiorudi, ambao makaburi yao yamo Mazimbu, nayo yanahitaji kufyekewa kama ua wowote wa nyumba.

Urithi huu ni mwanana kwa macho, lakini hautunziki kwa macho. Mji wa Morogoro umepanda hadi miguuni mwa mlima, na kila aliyejenga kwenye mteremko ana kiwanja cha kutunza. Elimu ya kazi hiyo haina gharama kubwa. Vijiti vitatu vilivyofungwa mfano wa herufi A, uzi, na jiwe la kuning'iniza vyatosha kuupata mstari ulio sawa ubavuni mwa kilima. Juu ya mstari huo huchimbwa mtaro, na udongo wake hutupwa upande wa juu. Ndiyo njia inayoitwa fanya juu. Tuta linalotokea huzuia tope la kila mvua, na baada ya misimu kadhaa kidato hujijenga chenyewe, bila kuufukia udongo wa juu kama walivyolazimishwa watu wa mwaka 1955. Mabingobingo au vetiva zikipandwa juu ya tuta, mizizi hushika kile ambacho mikono haiwezi kukishika usiku wa mvua. Maji ya bati nayo yaelekezwe kwenye pipa au shimo lenye mawe, yasiachwe yachore mchirizi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nao mchirizi usipozibwa huwa korongo. Tope lake halikomei kwa jirani wa chini. Huteremka na mito hadi bwawa la Mindu, ambalo Morogoro hulitegemea kwa maji na ambalo kina chake hupungua kadiri tope linavyotuama. Hivyo ua wa mtu mmoja umo katika gilasi ya mwenziwe.

Watu wa Matombo waliamriwa watengeneze ardhi yao kwa namna iliyoiharibu, wakakataa, na mmoja wao akalipa kwa uhai. Wageni wa Mazimbu hawakuamriwa kuipenda ardhi isiyo yao, nao wakaiacha ikiwa na vivuli. Mwenye nyumba wa leo hana askari mlangoni, wala hana safari ya kurudi kokote. Ana jembe lake, na mvua iko njiani.