Upungufu wa chakula na kurudia dawa za kulevya

Upungufu wa chakula ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuongeza hatari ya mtu aliyeacha dawa za kulevya kuanza kuzitumia tena. Upungufu huo unaweza kuwa njaa ya siku moja au kula kidogo kwa muda mrefu.

Utafiti

Mwaka 1979 Marilyn Carroll na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walionyesha kwamba panya walionyimwa chakula walitumia dawa nyingi kuliko walipokuwa wameshiba. Baadaye Uri Shalev, wa Chuo Kikuu cha Concordia nchini Kanada, aliona kwamba panya walioachishwa heroini walirudi kuitafuta waliponyimwa chakula.

Njaa hupunguza leptini, homoni ya shibe, na kuongeza grelini, homoni ya njaa, pamoja na homoni za msongo. Mabadiliko hayo huathiri sehemu za ubongo zinazotumia dopamini, ambazo ndizo huamshwa na dawa za kulevya.

Shinyanga na Geita

Katika mikoa ya Geita na Shinyanga, hasa Kahama, wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu hawana mshahara. Hupata mgao wa mawe duara likitoa, na wakati wa kazi mara nyingi hulishwa na mwenye duara. Hivyo anayeacha kazi ili apone uraibu anaweza kupoteza na chakula. Kwa aliyezoea kunywa gongo ili asahau njaa na uchovu, njaa yenyewe humkumbusha pombe.

Tiba

Tiba ya uraibu wa heroini kwa methadoni ilianza Tanzania mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kisha ikafika mikoa mingine, ukiwemo Mwanza. Kwa kawaida mgonjwa hunywa dozi kliniki kila siku. Kwa anayeishi mbali, nauli hushindana na pesa ya chakula.

Kurudia heroini ni hatari kwa sababu mwili ulioacha hauwezi tena kuhimili kiasi cha zamani; dozi ileile inaweza kuua.

Chakula peke yake hakiponyi uraibu. Hata hivyo, milo ya kila siku, kama ugali kwa dagaa au maharage, na michembe kwa karanga, humwondolea anayepona kishawishi kimoja.