Kupanda Safu ya Uporoto hadi Ziwa Ngosi: Mambo ya Kuzingatia

Ziwa Ngosi limo ndani ya kreta ya volkano katika safu ya milima ya Uporoto, kusini mwa Jiji la Mbeya. Ukingo wa kreta hiyo hufikia kimo cha mita 2,620 juu ya usawa wa bahari, na maji yako mita mia kadhaa chini yake, yakiwa yamezungukwa na kuta zenye msitu pande zote. Ziwa lina urefu wa takriban kilomita mbili na nusu na kina kinachozidi mita 70. Hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika miongoni mwa maziwa ya aina yake. Hakuna mto unaoonekana ukitoka humo.

Kreta hiyo ilitokana na mlipuko uliotoa majivu na mawe mepesi kwa wingi, kisha kilele cha mlima kikatitia. Mlima jirani wa Rungwe, wenye kimo cha takriban mita 2,960, nao ulilipuka kwa nguvu kubwa kiasi cha miaka 4,000 iliyopita. Joto lililobaki chini ya ardhi ndilo linalotafitiwa na Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania (TGDC) katika eneo la Ngosi kwa ajili ya kuzalisha umeme.

Kwa mkazi wa Ubaruku, safari huanzia tambarare. Kutoka mashamba ya mpunga ya Mbarali mtu hupita Igawa, Chimala na Igurusi katika barabara kuu ya Tanzania na Zambia hadi Uyole, kisha hukata kusini kwa barabara ya Tukuyu. Katika kijiji cha Isongole huacha lami na kufuata njia ya vumbi, ambayo wakati wa masika hugeuka tope, hadi mahali pa kuanzia kupanda kwa miguu. Bonde la Usangu liko kwenye kimo cha mita 1,000 na ushei. Ukingo wa Ngosi uko mita 1,500 zaidi. Kwa kawaida joto hupungua kwa takriban nyuzi sita za Selsiasi kila mita 1,000, hivyo mtu aliyeondoka Ubaruku na shati jepesi hujikuta kwenye baridi pungufu kwa nyuzi tisa, kabla ya kuhesabu upepo na ukungu. Juni na Julai ni miezi ya baridi kali zaidi. Sweta na koti la mvua si mzigo wa ziada.

Njia hupita kwenye msitu wa asili wenye mianzi, migomba pori na miti mirefu iliyofunikwa kuvu. Wenyeji wa Isongole huielezea kuwa matembezi ya saa moja hivi. Hesabu hiyo ni ya mtu aliyezoea vilima, na siku isiyo na mvua. Sehemu ya mwisho ni mwinuko mkali ambapo mpandaji hulazimika kushika mizizi. Mvua za Novemba hadi Mei hufanya udongo huo wa majivu uteleze kama sabuni, na viatu vya soli laini havifai. Muda unaofaa zaidi ni Juni hadi Oktoba, na asubuhi ni bora kuliko mchana, kwa kuwa ukungu ukishatanda ziwa halionekani kabisa, na mtu anaweza kusimama kandokando ya genge bila kulijua.

Hapo ndipo penye hatari halisi. Wageni wengi wakishafika ukingoni hutamani kuteremka hadi majini. Mteremko huo ni mkali mno, na kupanda kurudi huchosha kuliko kushuka. Anayetaka kushuka, au kufuata ukingo zaidi ya mahali pa kutazamia, aende na mwongoza watalii anayeijua njia. Aidha, katika sehemu mbalimbali za Rungwe gesi ya kabonidayoksaidi hutoka ardhini. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa na hutuama kwenye mashimo na mabonde madogo. Haifai kulala wala kupumzika katika mahali pa namna hiyo, hasa usiku usio na upepo.

Misitu ya eneo hili iko chini ya uhifadhi, na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) ndio unaosimamia Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe, iliyotangazwa mwaka 2009. Humo huishi kipunji, tumbili aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 2005 na anayepatikana Tanzania pekee. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti na kuwasha moto ndani ya hifadhi bila kibali. Mgeni apate kibali na kulipa tozo katika ofisi husika kabla ya kuanza kupanda.

Katazo la moto lina uzito wa pekee kwa watu wa tambarare. Uporoto ni mgongo unaogawa maji: mvua ya mteremko wa kusini huelekea Mto Kiwira na Ziwa Nyasa, na ya kaskazini huteremkia Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mto Mbarali, unaomwagilia Ubaruku, nao hushuka kutoka nyanda za juu, upande wa Kipengere. Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi katika sehemu zake za chini, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kilimo cha umwagiliaji na mifugo bondeni vimetajwa sana katika mjadala huo; msitu wa juu, unaonyonya mvua na kuiachia polepole, hutajwa mara chache zaidi, ingawa bila huo mifereji ya Ubaruku ingepokea mafuriko Machi na vumbi Oktoba.

Kabla ya kuondoka, mpandaji amjulishe mtu aliyebaki njia anayofuata na saa ya kurudi, kwani mawasiliano ya simu msituni hukatika. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, na Polisi kwa namba 112.