Vita vya 1914–1918 Katika Nchi Zetu, na Deni la Wapagazi



Katika mikutano ya chama chetu hapa Riruta, vijana wameuliza mara nyingi kwa nini mtaa mmoja wa Nairobi waitwa Kariokor, na kwa nini Dar es Salaam nako kuna Kariakoo. Jibu fupi ni kwamba majina hayo mawili ni matamshi yetu ya jina la Kiingereza la Kikosi cha Wapagazi, kilichokuwa na makambi yake mahali hapo. Jibu refu ni habari ya vita. Nimeona yafaa kuieleza hapa, ili tujue vita hivyo viligeuka mara ngapi, na viligeuzwa kwa mabega ya nani.

Vita vilipotangazwa Ulaya mwezi wa Agosti 1914, magavana wa pande zote mbili, wa Kiingereza na wa Kidachi, walipenda nchi zao zikae kando. Haikuwezekana. Mwezi huo huo Wadachi waliiteka Taveta, wakaanza kuiharibu reli ya Uganda.

Mgeuko wa kwanza ulikuwa Tanga. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi ili wauteke mji ule. Kamanda wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu wapatao 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, nao wengine aliwaleta upesi kwa reli kutoka upande wa Kilimanjaro. Baada ya siku chache Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki, bombom na risasi zipatazo 600,000. Vita vilivyodhaniwa kuwa vya wiki moja vikawa vya miaka minne.

Mgeuko wa pili ulitokea mwaka wa 1916. Reli mpya ilikuwa imejengwa kutoka Voi kuelekea Taveta, na Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini akashika amri mwezi wa Februari. Mwezi wa Machi aliingia Moshi; mwezi wa Septemba Dar es Salaam ilitekwa, na Wabelgiji waliotoka Kongo wakaingia Tabora. Aliyetazama ramani aliona kwamba kazi imekwisha. Lakini ramani haionyeshi ndorobo. Farasi na ng'ombe walikufa kwa maelfu, na motokaa zilizama katika matope. Mbali na reli hapakuwa na njia ya kupeleka chakula ila juu ya kichwa cha mwanadamu.

Mimi ni karani, kwa hiyo nitawaomba radhi nifanye hesabu kidogo. Tuseme mpagazi amebeba ratli 50 za unga, naye hula ratli 2 kila siku. Safari ikiwa ya siku kumi za kwenda na kumi za kurudi, yeye mwenyewe atakuwa amekula ratli 40, na askari aliye mbele atapata ratli 10 tu. Kila jeshi liliposonga mbele, wapagazi walihitajiwa wengi zaidi, na chakula kilichosalia kwao kikawa kidogo zaidi. Hiyo ndiyo sababu vita vya huku havikuamuliwa na mizinga, bali na mizigo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta mgeuko wa tatu, mwaka wa 1917, nao ndio uliofika milangoni mwetu. Sheria ya kuwachukua watu kwa lazima ilikuwa imekwisha kutungwa mwaka wa 1915. Sasa mvua kubwa za 1917 zilifurika bonde la Rufiji, wapagazi wakafa kwa wingi, na jeshi likataka wengine. John Ainsworth aliwekwa kuwa msimamizi wa kazi hiyo, na katika muda wa miezi michache watu zaidi ya 100,000 walikusanywa kutoka Ukikuyu, Ukambani, Nyanza na kwingineko. Machifu waliagizwa idadi, nao walitakiwa waitimize. Si risasi iliyowaua wengi wa watu hao. Waliuawa na tumbo la kuhara damu, malaria, kichomi na uchovu. Na wengi waliugua kwa kulishwa unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa nusu, chakula ambacho hawakukizoea.

Je, vifo vile havikuweza kuzuiwa? Jibu liko karibu nasi, huko Thogoto. Mwaka huo huo wa 1917 Daktari Arthur wa Misheni ya Kanisa la Scotland aliongoza kikosi cha wapagazi wa misheni waliokaribia 2,000. Walikwenda pamoja, wakaangaliwa na watu waliowajua, na chakula chao kikatazamwa. Kwa kulinganisha na vikosi vingine, waliokufa miongoni mwao walikuwa wachache. Basi haikuwa amri ya Mungu kwamba mpagazi afe. Alipohesabiwa kuwa mtu, aliishi. Alipohesabiwa kuwa mzigo, alikufa.

Mgeuko wa mwisho ulikuwa Mahiwa, kusini ya Tanganyika, mwezi wa Oktoba 1917. Watu wengi sana wa upande wa Waingereza walianguka katika siku nne, lakini Lettow-Vorbeck naye alipungukiwa na watu na risasi asizoweza kuzipata tena. Mwezi wa Novemba alivuka mto Ruvuma, akazunguka Msumbiji kwa miezi kumi hivi, kisha akaweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, mji uitwao leo Mbala, Zambia. Huko Ulaya vita vilikuwa vimekoma wiki mbili kabla.

Kwa hesabu ya serikali yenyewe, wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walizidi 40,000. Na wenye kuchunguza historia huamini kwamba walikuwa wengi kupita hapo. Wengi waliacha mshahara ambao haujalipwa, na warithi wao hawakupatikana. Watu kadhaa walishauri fedha hizo zitumiwe kwa ustawi wa Waafrika, lakini serikali ya London haikukubali. Waliorudi walikuta homa kuu ya 1918, kisha kodi na kipande. Si ajabu kwamba mwaka wa 1921 Harry Thuku alipata wasikilizaji wengi.

Sanamu ya mpagazi iko Nairobi, katika Kenyatta Avenue, tangu mwaka wa 1928, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Katika miaka ya 1920 wakuu waliona makaburi ya wapagazi hayastahili gharama, yakaachwa yamezwe na nyasi. Mwaka wa 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kosa hilo na kuomba radhi.

Wanachama wenzangu, wengine hunung'unika ninapodai jina kamili la kila mtu, la baba yake, la mrithi wake na la kijiji chake. Sasa mmejua sababu. Jina lisiloandikwa sawasawa ni deni lisilolipika. Kwa hiyo naomba kila nyumba yenye habari ya babu aliyekwenda Kariokor asirudi, iniletee jina lake kabla ya mkutano mkuu ujao. Nimeziacha kurasa tupu mwishoni mwa daftari la chama kwa kazi hiyo. Mshahara wao hatuwezi kuulipa. Majina yao twaweza kuyaandika.